Mistari mikali ya magari mapya imetoka wapi?

FundiBodi: Wakuu, kazi yangu ni kunyoosha bodi na kupiga rangi. Nimekuza picha za gari la umeme, Hyundai Ioniq 5, kwenye simu: mlangoni kuna mikunjo inayokata kwa mshazari, mikali kama wembe. Ukipondeka hapo, kujazia puti tupu hakurudishi ule ukali. Tulizoea magari ya mviringo. Nani kaanzisha haya?

Mchoraji: Ni ya zamani, mkuu. Mwaka 1974 Giorgetto Giugiaro wa Italia aliwachorea Hyundai gari la maonyesho, Pony Coupe, pua imechongoka, likaonyeshwa Turin. Halikuingia sokoni. Mwaka 2019 Hyundai wakaleta Frankfurt gari la dhana (la kuonyesha wazo tu) liitwalo 45, kwa kuikumbuka Pony. Ioniq 5 ya 2021 ilitokana na hilo.

Mama Umeme: Na betri imechangia umbo hilo. Inalazwa chini ya sakafu, mbele hakuna injini, basi magurudumu yanasogezwa mwisho kabisa. Toka ekseli hadi ekseli ni mita 3!

FundiBodi: Asanteni sana. Zile taa za vijimraba nazipenda mno. Kuna mwenye picha ya Pony Coupe kwa ubavuni? Nataka kuona mstari wa dirisha.