Mtoto miezi 20 anaimba ABC ya kisimu ila "maji" hasemi, ninunue midoli gani au vitabu gani?

MamaZai_Mbagala
Wadau habari za saa hizi, naombeni mawazo maana kichwa kinaniuma. Nina mtoto wa kiume mwaka na miezi minane, anatembea anakimbia anapanda makochi, ukimwambia kalete ndala anakuletea tena pea nzima, ila kuongea ndo shughuli. Ana "mama", "baba", "dudu" na "kapa" ambayo ni paka, basi. Baba yake alimletea kisimu cha betri kutoka Kariakoo, vile ukibonyeza kinaimba ei bi si, afu na kitableti kinachotaja wanyama kwa Kizungu, yaani anabonyeza siku nzima na wimbo ukifika mwisho anaitikia "zii!" watu wanacheka wanasema huyu Mzungu kabisa. Lakini akitaka maji ananishika kidole ananiburuza mpaka kwenye ndoo, anasimama ananiangalia, hasemi kitu.

Mi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri narudi saa mbili usiku, foleni ya huku mnaijua, anashinda na dada. Mama mkwe anasema wavulana huchelewa tulieni, jirani anasema akakatwe kimeo atafunguka. Nimebanabana nimepata elfu sitini nataka ninunue midoli na vitabu vya maana vya kumchangamsha aongee. Nilipita duka moja mjini kitabu kimoja elfu ishirini na tano, nafungua ndani epo, sungura na theluji. Ninunue nini jamani? Na msinisimange kuhusu kazi tafadhali.

Mwl_Awali
Mama Zai hongera kwanza, mtoto anayeelewa "kalete ndala" na akaleta pea huyo anajua mengi kuliko anayoyasema. Nafundisha awali mwaka wa 11 huu, nitakwambia kitu baba yake hatakipenda: toa betri kwenye hicho kisimu. Usikitupe, betri tu. Kikiwa kinaimba hakuna mtu anayeongea hapo ndani, mtoto anabonyeza, kinaimba, na wewe unapata nafasi ya kukata vitunguu, ndo maana tunavipenda. Kikiwa bubu itabidi mtu apige simu: "haloo, nani mwenzangu? ooh bibi! bibi anauliza umekula?" afu unampa yeye aongee na bibi.

Kuna utafiti ulifanyika Marekani ukatoka 2016, wazazi 26 na watoto wa miezi 10 mpaka 16 walirekodiwa wakicheza nyumbani kwao, wakapewa mafungu matatu: vidude vya betri (na kisimu cha kitoto kikiwemo, na kikompyuta, na shamba linaloongea), midoli ya kawaida isiyo na sauti, na vitabu vya picha. Kwenye vya betri wazazi waliongea kidogo kuliko kote, na watoto nao walitoa sauti chache kuliko walivyotoa kwenye vitabu. Watu 26 si wengi, sawa, lakini mi nakiona hichohicho darasani.

Sasa kununua. Angalia mdoli unakupa VITENDO vingapi, sio unataja vitu vingapi. Kiswahili chetu mtoto akisema "nipe" ameshamaliza sentensi, kuna anayepewa, kuna kitendo, yote kwa neno moja. Kwahiyo bakuli tatu nne za plastiki za kuingizana ni shule tosha: weka, toa, funika, fungua, mwaga, kimedondoka! Mwanasesere na kipande cha khanga: kalala, analia, mbebe, muogeshe. Mpira: rusha, daka, umekwenda wapi? Hivyo vyote havifiki hata elfu ishirini na bakuli unazo jikoni. Kitabu cha epo na theluji kiache hukohuko, sio kwamba ni kibaya ila dada atamwambia nini kuhusu theluji?

BabaMapacha2
Mnampa mama wa watu kazi nyingi bila sababu. Wangu walishinda na katuni asubuhi mpaka jioni, leo wako la tatu wanaongea mpaka naomba poo.

Mwl_Awali
@BabaMapacha2 wapo watakaotoboa tu ndugu yangu, sibishi. Ila Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo, mtoto wa mwaka mmoja skrini haishauriwi kabisa, wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Katuni haimsubiri mtoto ajibu, inaendelea tu.

nesi_wa_zamu
Nimesoma nimefika kwenye kimeo nikasimama. DADA YANGU USIKATE KIMEO. Kimeo hakihusiani na mtoto kuchelewa kuongea, na hao wakataji wa mitaani tunawapokea watoto wao wanavuja damu au wameshapata maambukizi. Huyo jirani mwambie asante na ufunge geti.

Kabla hujanunua chochote kapime MASIKIO. Sio kwamba hasikii, anasikia, kaleta ndala, lakini kuna watoto wanasikia nusu. Mafua ya mara kwa mara yanaacha maji nyuma ya ngoma ya sikio, hayaumi, hayatoi usaha, mtoto anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye beseni. Kumpigia makofi nyuma ya mgongo sio kipimo. Nenda kliniki ya masikio pua na koo, waambie miezi 20 na maneno manne, watakuelewa.

Kuhusu wavulana kuchelewa, ni kweli wengine huchelewa kidogo lakini isiwe sababu ya kukaa. Akifika miaka miwili hajaunganisha maneno mawili, mfano "mama maji", au wakati wowote akiacha maneno aliyokuwa nayo, usisubiri tena. Na mwalimu umesema atoe betri, niongezee: zile betri ndogo za duara kama kifungo ni hatari kuliko mnavyofikiria, mtoto akimeza ikikwama kooni inaunguza nyama ndani ya masaa mawili, mbio hospitali hapohapo. Kidude ambacho mfuniko wa betri hauna skrubu sikitaki ndani kwangu. Na vifuniko vya soda mnavyowapa wachezee, vipimeni kwanza: chukua kile kibomba cha karatasi ngumu cha ndani ya tishu ya chooni, kitu kikipita humo kinamkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu.

Nyanya_Kisauni
Mwanangu mimi ni nyanya niko Mombasa, nimelea sita na wajukuu siwahesabu. Hapo anapokuburuza ndooni ndipo penye dawa yako, usikimbilie kumtekea. Kamata kikombe, chutama, mtazame usoni, umuulize "wataka n'ni? maji?" kisha nyamaza. Nyamaza kweli, hesabu moja mpaka tano moyoni. Sisi watu wazima hatuwezi kunyamaza, twauliza twajijibu wenyewe, kitoto kishajua hapana haja ya kusema. Akitoa hata "mma" mpe haraka, useme "eeh maji, maji baridi haya".

Nikisukuma chapati nampa na yeye donge lake la unga na kijiti. Huo ndio mdoli wake, tena akimaliza twautupa.

nesi_wa_zamu
Shikamoo nyanya, umemaliza. Ila wasomaji msije mkamnyima mtoto maji mpaka aseme, hesabu tano afu mpe hata kama kakaa kimya.

Nyanya_Kisauni
Marahaba. Haswa, si adhabu.

fundi_steshenari
Mi niongezee upande wa kitabu maana nafanya kazi hii. Piga picha kwa simu vitu vyake mwenyewe: ndoo yenu, paka wenu, ndala, bajaji ya hapo kituoni, baba yake akinyoa ndevu, bibi, sahani ya wali. Picha nane zinatosha. Tunaprinti mbili kwa karatasi moja ya A4 ya rangi, tunazikata, tunalaminate, tunatoboa pembeni tunafunga kamba fupi ya kiatu. Kwangu haivuki elfu kumi na tano. MUHIMU kata kona ziwe duara, ile plastiki ikishalaminetiwa kona yake inachoma kama wembe. Usiandike maneno mengi, ikibidi andika kitendo tu chini, "paka analala".

Mwl_Awali
Hiyo safi sana. Na vitabu vya bure pia vipo, kuna tovuti inaitwa African Storybook, wana hadithi nyingi za Kiswahili, unasoma kwenye simu bure au unashusha unaprinti, chukua ngazi ya kwanza yenye maneno machache kila ukurasa. Ukipata Jumamosi mpeleke Maktaba Kuu pale Bibi Titi, kuna sehemu ya watoto. Na usimsomee mwanzo mpaka mwisho kama taarifa ya habari, umri huo atafungua katikati, atarudi nyuma, ataganda kwenye paka dakika kumi, mfuate alipo.

Kitu kimoja tu nakiona hakijasemwa, mama. Wewe unampata saa moja kwa siku, dada anampata kumi na tano. Hicho kitabu mtengenezee dada.

MamaZai_Mbagala
Narudi na mrejesho, wiki ya nne leo. Ile sentensi ya mwisho ya mwalimu niliisoma kwenye daladala nikashusha simu nikaangalia dirishani mpaka Rangi Tatu.

Masikio: sikio la kushoto lina maji nyuma ya ngoma kweli, wamesema tusubiri turudi baada ya miezi mitatu waangalie tena, mafua yakija niwahi. Kisimu hakina betri, baba yake alinuna siku mbili, sasa yeye ndo anapiga simu kwa bibi kuliko mtoto.

Kitabu nilitengeneza, picha nane. Nilipompa dada akakataa kukishika, "mama mi kusoma sijui vizuri", nikamwambia hakina maandishi, we sema unachokiona. Jana nimerudi mapema nikasimama mlangoni bila kugonga namsikia anasema "bajaji hii imempakia nani? imempakia bibi? bibi anaenda wapi?" afu kimya, nikajua anahesabu maana nilimfundisha ile ya nyanya, afu nikasikia "jaji enda". Nimelia nje huko na viatu mkononi.

Maswali mawili. Dada ni Mgogo, anamuimbia Kigogo akimbembeleza, nimkataze asije akamchanganya? Na la pili, ule ukurasa wa ndoo kautafuna wote, kona hazipo, maji yameingia ndani ya plastiki picha imekuwa madoa.

nesi_wa_zamu
Usimkataze! Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, ukihesabu maneno yake hesabu na ya Kigogo. Na "jaji enda" ni maneno mawili hayo, andika tarehe.

fundi_steshenari
Nitumie ile picha ya ndoo. Safari hii nakutolea mbili, maana huo ndo ukurasa anaoupenda.