MJADALA: Shamba la maua likisema limeisaidia jamii, tupime kwa kipimo gani?

Wadau, kila kampuni siku hizi ina ripoti ya mchango wake chanya kwa jamii, na kila moja inajipa alama nzuri. Nachukua mashamba ya maua ya Naivasha, Kenya, maana huko mambo yanaonekana wazi.

Waridi likiuzwa Ulaya kwa nembo ya Fairtrade, yaani ya biashara ya haki kwa wazalishaji na wafanyakazi, mnunuzi anaongeza asilimia 10 juu ya bei. Nyongeza hiyo si ya mwenye shamba, ni ya wafanyakazi, na kamati waliyoichagua wenyewe ndiyo inayoamua iende kwenye karo, maji au zahanati. Halafu darasa lililojengwa kwa pesa hiyo linapigwa picha na kuingizwa kwenye ripoti kama wema wa kampuni. Hapo mimi nakataa. Huwezi kuchukua pesa ya mtu, ukamjengea, kisha ukajihesabia thawabu.

Nyumba nazo ni hivyohivyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri atoe makazi yanayofaa au alipe posho ya nyumba. Kwa hiyo ule mstari wa posho kwenye hati ya mshahara ni deni linalolipwa, si msaada. Mwongozo wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wa kupima athari za bidhaa kwa jamii, toleo la 2020, una mfano wa ngazi unaofaa: kutimiza sheria ni sifuri, kuipita ni +1 au +2, kuwa chini yake ni -1 au -2.

Ila alama hizo zisijumlishwe! Shule yenye +2 haifuti -2 ya mfanyakazi aliyerudishwa kwenye grinihausi kabla dawa ya wadudu haijakauka. Na alama nzuri inaweza kuficha hatari: kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises, Karachi, Pakistan, kilipewa cheti cha SA8000, cha mazingira bora ya kazi, wiki chache tu kabla ya moto wa Septemba 2012. Watu zaidi ya 250 walikufa, wengi wakiwa wamenaswa ndani kwa milango iliyofungwa na madirisha yenye nondo.

Mchangiaji: Mkuu, umekaza mno. Shamba ndilo linalolipia ukaguzi na kubeba masharti, bila hivyo hiyo asilimia 10 isingekuwepo. Na mwajiri anayelipa likizo ya uzazi wakati majirani zake wanakwepa, kweli apewe sifuri?

Mleta mada: La ukaguzi nakubali, liandikwe kwa jina lake: shamba limegharamia cheti. Darasa libaki la wafanyakazi. La majirani hapana, kwa sababu hapo kadiri wenzako wanavyovunja sheria ndivyo wewe unavyoonekana mwema, na hujabadilisha chochote.

Lakini umenigusia jambo zito zaidi. Kuna mahali sheria yenyewe haina la kupimia. Ethiopia inalima maua mengi, na sekta binafsi haina kima cha chini cha mshahara kisheria. Ilibidi Fairtrade iweke kiwango chake cha chini mwaka 2017. Ndiyo maana mimi naona kipimo cha kwanza kiwe mshahara ukilinganishwa na gharama za maisha ya staha: chakula, nyumba, shule, matibabu na akiba ya dharura. Naivasha ilishafanyiwa hesabu hiyo mwaka 2014 kwa njia ya Anker, inayokadiria mshahara wa kuishi kwa staha, kwa hiyo ugumu si kisingizio. Kampuni ioneshe pengo lilikuwa kiasi gani mwaka jana na sasa ni kiasi gani. Likipungua, tuipe alama zake kwa moyo mweupe.

Kinachonisumbua bado ni nani awaulize wafanyakazi. Aliyewahi kuwa pakihausi, pale maua yanapofungashwa, siku ya ukaguzi atuambie: mkaguzi anazungumza na nani, kwa lugha gani, na msimamizi anakuwa amesimama wapi?