Mnawalilia waliokamatwa na pufya. Waliokimbia safi wakaibiwa, nani anawalilia?

Tangu Ruth Chepngetich, mkimbiaji wetu wa marathoni mwenye rekodi ya dunia, afungiwe kwa pufya, yaani dawa zilizokatazwa michezoni, nimekuwa nikisoma maoni ya Wakenya wenzangu, na leo nimeshindwa kunyamaza. Wengi wanamhurumia. Wengine wanasema ni njama za wazungu. Wapo hata wanaosema kila mtu anatumia, yeye amekosa bahati tu.

Jamani! Huyu alikutwa na HCTZ, dawa ya kutoa maji mwilini ambayo pia hutumika kuficha dawa nyingine, kwa takriban nanogramu 3,800 kwa mililita. Kiwango kinachoanza kuhesabiwa ni 20. Maelezo aliyotoa ni kwamba aliugua akameza dawa za mfanyakazi wake wa nyumbani. Mwenye rekodi ya dunia, mwenye meneja, mwenye uwezo wa kumpigia daktari saa yoyote! Oktoba 2025 akafungiwa miaka mitatu, badala ya minne, kwa sababu alikiri mapema. Na ile saa 2:09:56 ya marathoni ya Chicago 2024 bado ni rekodi ya dunia, maana matokeo yaliyofutwa ni ya kuanzia siku ile sampuli ilipochukuliwa, Machi 14, 2025.

Lakini sikuja kumzungumzia yeye. Amezungumziwa vya kutosha. Nataka tuwataje waliokuwa nyuma ya watu wa aina hii.

Buzunesh Deba, mnamkumbuka? Mwethiopia aliyekuwa akiishi New York. Marathoni ya Boston 2014 alimaliza wa pili kwa 2:19:59, nyuma ya Rita Jeptoo wetu. Septemba mwaka huohuo Jeptoo akapatikana na EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu. Kesi ikazungushwa mpaka Oktoba 2016 ndipo mahakama ya michezo ikamwongezea adhabu ikawa miaka minne na kumfutia Boston. Deba akaitwa bingwa, na muda wake ukawa rekodi ya wanawake ya mbio zile. Pesa je? Waandaaji walisema wanangoja Jeptoo arudishe zake kwanza. Miaka ikapita, mama wa watu ana watoto, hana kitu mkononi. Mwaka 2024 shabiki mmoja, mfanyabiashara wa Philadelphia, ndiye aliyetoa dola 75,000 kutoka mfukoni mwake akampa. Shabiki! Asiyehusika kwa lolote ndiye aliyeona aibu.

Boston hiyohiyo, 2021. Edna Kiplagat, bingwa wa dunia mara mbili, akiwa na miaka 41, akatangazwa wa pili. Zaidi ya mwaka ukapita ndipo Diana Kipyokei, aliyetangazwa mshindi, akafutwa kwa dawa iitwayo triamcinolone na kwa kupeleka stakabadhi za uongo za matibabu. Sawa, Edna sasa ndiye bingwa kwenye vitabu. Ule utepe aliukata nani? Wimbo wa taifa alipigiwa nani siku ile? Mikataba ya viatu hutiwa saini wiki ile ile ya ushindi, haingoji maabara.

Na angalieni Rio 2016. Jemima Sumgong akawa Mkenya wa kwanza mwanamke kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, na mimi nilishangilia kama wengine wote. Miezi michache baadaye, EPO. Akajitetea kwa karatasi za hospitali ambazo ziligunduliwa kuwa za kughushi, miaka minne ikawa minane. Aliyechukua nishani ya fedha, Eunice Kirwa wa Bahrain, mzaliwa wa huku kwetu, naye alinaswa na EPO 2019. Wote wawili nishani zao za Rio hazikuguswa. Wa tatu alikuwa Mare Dibaba. Hebu mfikirieni huyo dada anapoitazama shaba yake.

Hao angalau wana majina. Mimi ninayemwona kila siku hana jina. Dada yangu mdogo anakimbia, amelelewa kwenye barabara hizi za vumbi kati ya Iten na Eldoret, anaamka kabla ya jogoo. Goti lilimsumbua msimu uliopita, nikamsindikiza kwenye kemisti kununua dawa ya kupaka. Muuzaji akamwangalia miguu, akauliza, "Wewe ni wa mbio?" Dada akaitikia. "Basi achana na ya kupaka. Kuna sindano, ukidungwa leo kesho kutwa uko barabarani." Akafungua friji. Humo ndani vichupa vidogo vimepangwa kando ya soda, kimoja hakina hata karatasi ya jina, kimeandikwa kwa kalamu juu ya plasta. Nikamuuliza hiyo ni dawa gani. Akanijibu, "Ni ya nguvu tu, mama." Hakuna daktari, hakuna cheti, hakuna aliyemwuliza dada kama ana ugonjwa wowote. Tukatoka. Mimi nilikuwa natetemeka kwa hasira, yeye alishazoea, akaniambia hapo ni afadhali, kwingine wanakufuata hadi kambini.

Sasa sikilizeni jinsi wizi huu unavyofanya kazi, kwa sababu watu hudhani anayeibiwa ni yule wa pili peke yake. Meneja anayepeleka wakimbiaji Ulaya hutazama muda. Wanaotumia wakishusha muda, muda unaotakiwa ili ualikwe nao unashuka. Msichana safi aliyejitesa mpaka akapata 2:28 anaambiwa aje na 2:24 ndipo azungumziwe. Hana visa, hana mbio, hana pesa ya chumba kambini. Huku nyumbani mbio nyingi za barabarani hakuna anayepimwa, zawadi zinaishia kwa kumi bora, na wewe unamaliza wa kumi na moja ukijua kabisa mle mbele kuna nini. Mwishowe anaolewa, anauza viatu, anarudi shambani. Hakuna mahakama itakayomwita miaka miwili baadaye kumkabidhi chochote. Na mwenzake aliyeingia kwenye friji lile tunamchangia maneno ya huruma.

Halafu dada huyuhuyu, akishaingia kwenye orodha ya kupimwa, lazima kila siku aandike saa moja ambayo anaweza kukutwa mahali fulani. Akikosekana mara tatu ndani ya miezi 12, anafungiwa kama aliyetumia. Anakubali bila kulalamika. Hilo ndilo analolipa mtu safi.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuruhusu wote watumie. Tayari kuna matajiri walioandaa michezo ya namna hiyo Las Vegas, Mei 2026, na kutangaza dola milioni moja kwa atakayevunja rekodi ya mita 100. Huko Marekani wana madaktari wao wa kuwasimamia. Huku utasimamiwa na yule wa soda. EPO huongeza chembe nyekundu, damu inakuwa nzito, moyo unasukuma kwa shida. Mnataka watoto wa Kapsabet wadungwe hivyo wakiwa na miaka 16 ili tu nao waweze kushindana? Mwenye wazo hilo aanze na mtoto wake.

Ninachokasirikia zaidi ni kwamba wanaouza wanajulikana. Mathew Kisorio alisema wazi tangu 2012, baada ya kukamatwa yeye mwenyewe, kwamba kuna madaktari wanaowapa wakimbiaji vitu hivi. Sheria ya kupambana na pufya tulitunga 2016, na imeweka adhabu kwa wasambazaji. Mwaka 2022, tulipokaribia kufungiwa nchi nzima, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano. Zielekezwe kwenye makaunta ya kemisti. Tumeni wakaguzi wajifanye wakimbiaji wenye goti bovu, mtajaza gari kabla ya saa sita mchana.

Na waandaaji wa mbio kubwa, wekeni pesa za bima kwa ajili ya aliyeporwa. Alipwe siku uamuzi unapotolewa, ninyi ndio mhangaike na mwizi baadaye. Mna mawakili, yeye hana.

Kabla hamjaniandikia kwamba sina huruma na Wakenya wenzangu, nijibuni swali moja: ni muuzaji gani wa pufya, au daktari gani, aliyewahi kulala jela hapa Kenya kwa kosa hili? Mwenye jina la kesi aliweke hapa.