Bodi yetu ya shirika hapa Moshi: mtu anakula tenda, wanaohoji wanaitwa kwenye usuluhishi!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sijifichi. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shirika moja dogo lisilo la kiserikali hapa Moshi. Jina silitaji, na sio kwamba namlinda mtu. Mfadhili akisoma kabla hatujajipanga atafunga mfereji, na watakaokosa ni watoto, wenyeviti watabaki na shibe yao.

Jumamosi iliyopita tuliitwa kikao cha "kuwapatanisha wajumbe wawili". Mmoja ni mwenyekiti wetu, mwingine ni mama mmoja mwalimu mstaafu. Ngoja niwape huo ugomvi wao ulivyo, halafu mniambie kama mnauona.

Shirika linahudumia watoto wa Pasua, Njoro na wengine wa huko juu Kibosho na Uru. Tangu elimu bila ada ianze 2016, ada za sekondari za serikali zilitutoka mabegani, kwa hiyo hela karibu yote inakwenda kwenye sare, viatu, madaftari na chakula cha mchana. Anayetaka kula katika shirika letu anajua pa kukaa: kwenye sare. Mwaka huu ilikuwa zamu ya masweta. Wenyeji mnaijua Julai ya Kibosho, ukungu mpaka saa nne, mtoto anaingia darasani meno yanagongana.

Yakaletwa masweta ambayo ukiyafua mara mbili mikono inafika kwenye viwiko. Bei ya moja 28,000, wakati fundi wa kufuma hapa mjini anakutolea zuri kwa 15,000 na ukichukua mengi anapunguza. Mama akaomba faili. Faili lina profoma tatu (karatasi za bei za wauzaji) kama utaratibu unavyotaka, vichwa vitatu tofauti, mihuri mitatu. Ila zote tatu zimeandika "masweeta ya kola V", kosa lilelile, na mbili zina namba ya simu moja. Aliyeshinda ni duka ambalo mji mzima unajua ni la shemeji wa mwenyekiti. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakuna, kuna karatasi ya kitabu imeandikwa kwa kalamu.

Mama hakupiga kelele. Alisubiri mpaka Mengineyo, ajenda ya mwisho, maana ajenda zetu anazipanga mwenyekiti mwenyewe, akauliza swali moja tu: "Mheshimiwa Mwenyekiti, tenda hii ilipopitishwa, ulitangaza kwamba una maslahi nayo?" Katiba yetu inasema wazi, mjumbe mwenye maslahi anatangaza na anatoka nje ya chumba. Jibu la mzee: "Mama, unanivunjia heshima mbele ya watu."

Basi. Kuanzia hapo hakuna aliyezungumzia masweta tena. Ikawa heshima. Kundi letu la WhatsApp likajaa "tuwaombee wapendwa wetu" na mikono ya kusali. Mmoja akakumbusha kwamba mwenyekiti ni mzee wa kanisa, mwingine kwamba bila yeye shirika lisingekuwepo. Katibu akaunda kamati ya watu watatu ya usuluhishi, na mmoja wa hao watatu ndiye aliyemsimamia mwenyekiti ndoa yake. Kamati ikaja na maamuzi: mama aombe radhi kwa namna alivyouliza, na mwenyekiti kwa moyo wake mkubwa amsamehe. Tukanywa soda, tukafunga kwa sala. Muhtasari umeandika hivi: "Wajumbe walijadili tofauti zilizojitokeza baina ya wajumbe wawili na wakaelewana." Neno sweta halimo. Profoma hazimo. Akija mkaguzi kesho akisoma hapo ataona wazee wawili waliokosana wakapeana mikono.

Jamani! Mimi na wewe tukigombea mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani, au wewe unataka ofisi ihamie mtaa wa Soweto hapa mjini mimi sitaki, huo ni ugomvi, tukalishwe tupatane, hata mbege, pombe yetu ya ndizi, iletwe. Lakini mtu aliyekaa upande wa mnunuzi na upande wa muuzaji kwa wakati mmoja kagombana na nani? Mama hajaibiwa kitu. Aliyeibiwa yuko darasani Uru na sweta la viwiko, na mama hana mamlaka ya kusamehe kwa niaba yake. Kamati nayo haina.

Na kwa nini wajumbe wengine wamekaa kimya, hilo nalijua vizuri. Ni Desemba. Nusu ya bodi wanaishi Dar. Kikao kikubwa cha mwaka kila mara kinawekwa wiki ya Krismasi, wakati Mchaga yeyote mwenye afya yuko njiani anarudi nyumbani kwa hela yake. Wao wanarudi kwa hela ya shirika, nauli ya kwenda na kurudi na posho ya kujikimu juu, huku mtu analala kwake Marangu kwenye kitanda chake. Kuna mmoja anakaa hapahapa Soweto na alisaini nauli ya Dar, sahihi nimeiona. Sasa huyo atamuuliza mwenyekiti habari ya profoma kwa mdomo upi? (Posho siipingi, mtu akiacha duka lake kuja kikaoni arudishiwe nauli yake. Nauli ya safari aliyosafiri.)

Kilichotakiwa hakihitaji hekima ya Sulemani. Mwenyekiti angekabidhi kiti kwa ajenda hiyo tu. Wajumbe wasio ndugu wala wasimamizi wa ndoa wangepewa faili. Yeye angepewa tuhuma kwa maandishi na siku za kujibu, kwa sababu naye ana haki ya kusikilizwa, na akionekana msafi aandikiwe barua kwamba ni msafi. Mbona hilo lingemlinda hata yeye kuliko soda na sala?

Nikisema tupeleke mbele, naambiwa "utafungisha shirika". Tumesajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya 2002, na tangu marekebisho ya 2019 cheti kina ukomo wa miaka 10, siku moja tutakwenda kuomba kukihuisha na faili hilihili. Msajili Msaidizi ni afisa maendeleo ya jamii pale halmashauri, ofisi unafika kwa bodaboda. TAKUKURU, watu wa kuzuia rushwa, nao wapo mjini. Hakuna aliyekwenda kwa sababu kila mtu anaogopa kuitwa msaliti msibani.

Mama amenipigia jana, anataka kujiuzulu, anasema amechoka kuonekana mgomvi uzeeni. Nimemwomba asiandike hiyo barua, maana ndiyo wanayoisubiri.

Sasa wakuu mliowahi kukaa kwenye bodi, nisaidieni hapa. Katiba yetu inaruhusu theluthi moja ya wajumbe kuomba mkutano wa dharura, lakini maombi yanapitia kwa mwenyekiti. Yaani nimpelekee yeye barua ya kuitisha kikao cha kumjadili yeye! Tuko wanne tayari kusaini, na theluthi inatimia. Je, Msajili Msaidizi anapokea barua ya wajumbe isiyo na muhuri wa shirika? Muhuri uko kwenye droo ya mwenyekiti, nyumbani kwake.