Kisanduku cha pikseli 300: nani amekiuka kiwango?

Swali: CSS (lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa za wavuti) ni ileile: `width: 300px; padding: 20px; border: 5px solid`. Firefox inachora pikseli 350, Internet Explorer 8 inachora 300. Mwenye kosa ni yupi?

Jibu 1: Firefox iko sahihi. Kwa CSS ya W3C (shirika linaloweka viwango vya wavuti), `width` ni ya yaliyomo tu, hivyo 300 + 40 (`padding`, nafasi ya ndani, pande mbili) + 10 (`border`, mpaka, pande mbili) = 350. Hiyo 300 ni hesabu ya Internet Explorer (IE) 5, ambayo `width` yake ilijumuisha `padding` na `border`. Microsoft waliirekebisha katika IE 6 (2001), ila wakaibakiza kwa kurasa zisizo na DOCTYPE (mstari wa mwanzo unaotaja aina ya HTML) ili tovuti kuukuu zisivurugike. Andika `document.compatMode` kwenye konsoli ya kivinjari. Ukipata `BackCompat`, uko kwenye hali hiyo ya zamani.

Muulizaji: Ni `BackCompat`, lakini DOCTYPE ipo!

Jibu 1: Ipo mstari wa ngapi? IE 6 hadi 9 zikikuta hata maoni ya HTML kabla yake, zinarudi kwenye hali ya zamani. Mstari wa kwanza kabisa uwe `<!DOCTYPE html>`.

Jibu 2: Kichekesho ni kwamba ile hesabu "mbovu" ndiyo wengi wanaitaka leo, na ni halali ukiitaja mwenyewe: `box-sizing: border-box`. IE 8 inaielewa. Angalizo: usiunganishe `*, *::before` kwenye kanuni moja. IE 8 haijui nukta pacha mbili, kwa hiyo inatupa kanuni nzima, pamoja na ile `*` (elementi zote). Tumia `:before`.

Muulizaji: Kulikuwa na maoni yaliyotangulia DOCTYPE. Nimeyaondoa, sasa 350 kote.