Mazoezi ya hija kabla ya safari ya Mama

Mjomba, saa 2:05 usiku: Assalaam alaykum, ndugu zangu. Kwa kuwa dada yetu anatarajia kwenda Makka, napendekeza Jumamosi tukutane uwanja wa madrasa hapa Ngamiani, tusimamishe mfano wa Al-Kaaba kwa maboksi na kitambaa cheusi, ili afanye mazoezi ya tawafu, yaani kuizunguka Al-Kaaba, na sa'yi, yaani kutembea kati ya vilima vya Safa na Marwa, kwa miguu yake badala ya kuishia kusoma kitabu cha manasiki, yaani taratibu za hija.

Mama, saa 2:11: Waalaykum salaam, kaka. Dua nimezihifadhi, alhamdulillahi. Ninayoyahofia ni magoti na msongamano.

Binti, saa 2:16: Shikamoo Mjomba. Kutoka Safa hadi Marwa ni takriban mita 450, na safari ni 7, hivyo jumla inazidi kilomita 3, tena baada ya mizunguko 7 ya tawafu. Naomba kila alfajiri nitembee na Mama kando ya bahari kule Raskazone, tukiongeza mwendo kidogo kidogo.

Mjomba, saa 2:24: Marahaba, mwanangu. Hesabu nayo ifanyiwe mazoezi. Kutoka Safa kwenda Marwa ni safari ya kwanza, kurudi Safa ni ya pili, na ya saba humalizikia Marwa. Wapo wanaohesabu kwenda na kurudi kuwa safari moja, wakatembea mara 14 bila sababu. Katika tawafu, Al-Kaaba huwa kushoto na kila mzunguko huanzia usawa wa Jiwe Jeusi, ambapo msikitini pana taa ya kijani, basi nasi tutundike kanga ya kijani kwenye kona hiyo.

Shangazi, saa 2:31: Mimi niliyekwisha kuhiji nasema uwanja mtupu hautamfundisha vya kutosha. Vijana wa madrasa wazunguke naye, wambane mabega kwa adabu, ajizoeze kutoinama kuokota kilichoanguka na kutosimama ghafla. Pia wifi yangu avae sasa hivi viatu atakavyokwenda navyo Mina na Arafa, kwa sababu kiatu kipya kitamchubua.

Kaka, saa 2:38: Shikamooni wazazi wangu. Mimi nitakayefuatana na Mama nitajifunga shuka mbili za ihramu, vazi la hija la wanaume, nipande na kushuka ngazi za madrasa, hadi niwe na hakika kwamba hazifunguki. Je, tuweke nia na kuleta talbiya, ile ya "Labbayka"?

Mjomba, saa 2:42: Marahaba. Talbiya mtaileta kwa kujifunza matamshi. Nia ya ihramu, yaani ya kuingia katika ibada, msiiweke, kwa kuwa mahali pake ni mikati, ile mipaka iliyowekwa kabla ya kufika Makka, na haya yetu ni mafunzo tu.

Mama, saa 2:50: Nimeridhika. Tuanze saa 12 na nusu asubuhi kabla ya jua kukaza, na kiti cha magurudumu kiletwe pia, nijue mwanangu anavyokisukuma katikati ya watu, kwani sitaki nikikalie kwa mara ya kwanza nikiwa Makka.