Mjadala: Bhai Gurdas ni shahidi wa historia, au tumwache na ushairi wake?

Wana jamvi, hoja ni hii: je, Guru Nanak, mwasisi wa dini ya Kisikh, ya makalasinga kama tuwaitavyo huku, alifika Makka? Wanaosema alifika humleta Bhai Gurdas, mshairi na mhubiri wa Kisikh wa zamani. Wanaokataa hujibu kwamba huyo ni mshairi, asiletwe kwenye historia. Naona pande zote mbili zinamkosea mzee wa watu.

Tuanze na beti zenyewe, katika utungo wa kwanza kati ya zile 40 alizotunga kwa Kipunjabi. Nanak anaingia Makka amevaa nguo za bluu, fimbo mkononi, kitabu kwapani, ana birika la udhu na mswala. Usiku analala msikitini, miguu kaielekeza mihrabu. Mtu anampiga teke, anamwita kafiri, anamburura miguu, na Makka nayo inageuka. Kisha wanamuuliza: nani bora, Mhindu au Mwislamu? Anajibu kwamba bila matendo mema wote wawili watalia.

Nanak alifariki 1539. Gurdas alizaliwa karibu 1551. Hakumwona. Sisi tuliolelewa na elimu ya hadithi lazima tuulize isnadi: kakusimulia nani? Na Gurdas kutaja majina anajua. Katika utungo wa 11 anawataja wafuasi wa kila Guru, yaani kila kiongozi wa Wasikh tangu Nanak, mmoja mmoja. Lakini kwenye beti za Makka msimulizi hatajwi.

Kuna wanaosema, "Huyu ndiye aliyeandika kwa mkono wake msahafu wa Wasikh wa 1604, Guru Arjan, Guru wa tano, akimtajia maneno. Mtu makini kiasi hicho atakosea?" Umakini wake sina shaka nao. Ila kuandika unachotajiwa ni kazi moja, na kushuhudia safari ya mtu aliyekufa kabla hujazaliwa ni jambo jingine kabisa.

Sasa nanyi mnaosema "mshairi tu", someni utungo wa 26, maana hapo ndipo ninapompenda. Anasimulia manung'uniko ya watu juu ya Guru Hargobind, Guru wa zama zake mwenyewe: waliomtangulia walitulia mahali pa ibada, huyu hakai mahali pamoja, zamani wafalme waliwaendea Maguru nyumbani, huyu kafungwa ngomeni, anafuga mbwa, anawinda. Kisha Gurdas anasema ukweli haufichiki, na anabaki na Guru wake. Lakini lawama amekwisha ziandika! Mtu anayetaka kusifu tu angezifukia. Alikuwa mhubiri, alifundisha hadi Agra, alijua maneno hayo yangeweza kutumiwa dhidi ya Wasikh. Bado akayaweka.

Kwa hiyo msimamo wangu: alichokiona mwenyewe, nakichukua kama ushahidi wa historia, na ni ushahidi mzito. Alichosimuliwa, kama Makka, nakichukua kama ushahidi wa kile ambacho Wasikh wa mwanzo wa karne ya 17 waliamini kuhusu Nanak, na wa funzo waliloshika kwake. Mji kugeuka sikuingizi kwenye tarehe za safari. Lile jibu kuhusu matendo mema, kwangu ndilo kiini cha kisa.

Anayepinga alete beti, si jazba. Hasa nataka kusikia kutoka kwa anayeamini safari ya Makka: ukiondoa utungo huu, unashika ushahidi gani?